Chakula Chenye Roho: Historia ya Imani ya Wainuit

Mwanzoni mwa mwaka 1922, katika pwani ya kaskazini ya Lyon Inlet nchini Kanada, mgeni mmoja aliwachosha wenyeji wake kwa maswali. Aliitwa Knud Rasmussen. Alizaliwa mwaka 1879 huko Ilulissat, Greenland. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri kutoka Denmark, na mama yake alikuwa na damu ya Kiinuit. Lugha ya Wainuit aliijua tangu utotoni, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Alikuwa kiongozi wa msafara uliokusudia kuwafikia Wainuit wote, kutoka Greenland hadi Alaska, kwa sleji za mbwa, na sasa alikuwa amefika kwa Aua, mganga aliyeheshimika sana katika nchi ya Igloolik.

Aua na mkewe Orulo waliishi na jamaa zao katika nyumba za theluji zilizounganishwa kwa vijia vyembamba. Jioni baada ya jioni Rasmussen alikaa nao, akiuliza juu ya miko. Kwa nini watu waliofiwa wasishone nguo? Kwa nini ngozi ya kulungu isishonwe wakati wa kuwinda baharini? Kila mtu aliijua miko hiyo moja baada ya nyingine, mpaka watoto. Lakini kila alipouliza sababu, walinyamaza.

Jioni moja Aua alichoka kuulizwa. Akamshika mgeni, akamtoa nje kwenye upepo mkali wa theluji. Kule barafuni wawindaji walikuwa wakirudi wakiwa wameinama, wamesimama kutwa nzima kwenye matundu ya sili na hawakupata kitu. Aua akauliza: kwa nini upepo huu usitulie, watu wakapata chakula? Kisha akamwingiza katika nyumba ya jirani, ambamo taa ilikuwa inakaribia kuzimika na watoto wanatetemeka chini ya ngozi. Kwa nini humu kuwe na baridi, na baba yao amehangaika siku nzima? Mwisho akampeleka kwa dada yake mzee, aliyekuwa kitandani akikohoa vibaya. Mwanamke huyu ameishi vyema, amezaa watoto wenye afya, kwa nini ateseke sasa mwishoni?

Rasmussen hakuwa na jibu. Ndipo Aua akamwambia kwamba hata yeye mgeni, pamoja na elimu yake, hawezi kusema kwa nini maisha yako jinsi yalivyo. Miko yetu, alieleza, imetokana na maisha na inarudi kwenye maisha. Hatujifanyi kuyaeleza mambo yote. Tunaiogopa njaa, tunaiogopa dhoruba, tunaziogopa roho za wafu na za wanyama tuliowaua, na kwa hiyo tunazishika kanuni tulizoachiwa na wazee wetu ili tukae salama.

Maneno hayo yaliandikwa, yakachapishwa, na leo ni miongoni mwa maelezo bora kabisa ya dini yaliyopata kutolewa na mwenye dini mwenyewe. Nayasimulia kwanza kwa sababu visa vya Wainuit husomwa mara nyingi kama hadithi za kulaza watoto. Aua hakuwa akisimulia hadithi. Alikuwa akieleza namna ya kuishi mahali ambapo kosa dogo huleta kifo.

Neno "Inuit" maana yake ni watu. Wahenga wao walitoka Alaska takriban miaka elfu moja iliyopita, wakaelekea mashariki hadi Greenland, wakiwinda nyangumi, walrasi, sili, dubu weupe na kulungu wa nchi za baridi. Huko hakuna shamba wala msitu. Ngozi ya mnyama ndiyo nguo, ndiyo hema, ndiyo mashua. Mafuta yake ndiyo moto. Igloolik iko kaskazini ya nyuzi 69, na jua likizama mwishoni mwa Novemba halionekani tena mpaka katikati ya Januari. Wiki zote hizo, mwanga na joto la nyumba vilitoka katika taa moja ya jiwe laini, umbo lake kama nusu mwezi, mafuta yake ya sili, na mwanamke wa nyumba ndiye aliyeulinda utambi wake usifuke moshi wala kuzimika. Sili asipopatikana, taa huzimika. Taa ikizimika, hakuna kuyeyusha theluji, na watu hukosa hata maji ya kunywa.

Mzee mmoja wa Igloolik alimweleza Rasmussen kwamba hatari kubwa kuliko zote katika maisha ya mwanadamu ni hii, kwamba chakula chake chote ni roho. Kila kiumbe wanachokiua na kukila kina roho kama ya mtu, na roho haifi pamoja na mwili. Basi lazima iridhishwe, isije ikalipiza kisasi.

Ukilielewa neno hilo, miko yote inaanza kueleweka. Mtazame mwindaji kwenye barafu. Sili hupumua kupitia tundu dogo analolichimba mwenyewe kwa kucha, na mwindaji husimama juu ya tundu hilo amejikunja, hasogezi hata mguu, pengine kwa saa nyingi, akikitazama kijiti chembamba alichokichomeka majini. Kijiti kikitikisika, sili amefika. Hapo chusa hushuka mara moja tu, kwa kuwa nafasi ya pili haipo. Sili akishafikishwa nyumbani, kabla hajapasuliwa, humiminiwa maji matamu mdomoni, maji ya theluji iliyoyeyushwa. Aliishi katika chumvi na ana kiu. Sili aliyenyweshwa vizuri, walisema, roho yake itarudi baharini, itavaa mwili mpya, na itajitoa tena kwa mtu huyohuyo. Aliyedharauliwa hatarudi, na atawaambia wenzake.

Juu ya wanyama wa bahari wote alikuwako mwenyewe wao. Katika kisiwa cha Baffin wengine walimwita Sedna, jina lililoenezwa duniani na mtaalamu wa Kijerumani Franz Boas, aliyekaa huko mwaka 1883 na 1884. Wanetsilik, kundi jingine la Wainuit wa Kanada, walimwita Nuliajuk. Huko Igloolik aliitwa Takannaaluk, na huko Greenland aliitwa Mama wa Bahari. Visa vyake ni vingi, lakini vyote vinafika mahali pamoja.

Katika kisa kimoja, alikuwa binti aliyewakataa wachumba wote. Mwishowe akaja kijana mzuri wa sura, akamchukua ng'ambo ya bahari, na huko binti akagundua kwamba mumewe ni ndege wa baharini aliyejigeuza mtu, na nyumba ni hema la ngozi za samaki linalopitisha upepo. Baba alipokuja kumrudisha nyumbani kwa mashua, ndege wakaifuata, wakaichafua bahari kwa mbawa zao. Baba akaingiwa na hofu. Akamtupa mwanawe majini ili ainusuru nafsi yake. Binti akaushika ukingo wa mashua. Baba akachukua kisu akavikata vidole vyake, pingili baada ya pingili, na kila pingili iliyoanguka ikawa mnyama: sili wadogo, sili wakubwa wenye ndevu, walrasi, nyangumi. Naye akazama mpaka chini ya bahari, na huko ndiko anakotawala.

Kwa Wanetsilik hakuwa binti mwenye kiburi, alikuwa yatima. Watu walikuwa wakihama kwa kayaki zilizofungwa pamoja, na kwa kuwa hakuwa na wa kumtetea, wakamsukuma majini. Alipojaribu kupanda, wakamkata vidole. Katika visa vyote viwili, chakula cha Wainuit kilizaliwa kutokana na ukatili wa binadamu kwa mtu asiye na mtetezi. Kila aliyekula nyama ya sili alikuwa anakula kiungo cha mwanamke aliyedhulumiwa, na alilijua hilo. Sijui taifa jingine lililoweka deni la namna hiyo katikati ya sahani yake na kuwafundisha watoto wake walikumbuke.

Mama huyo wa bahari hana vidole, kwa hiyo hawezi kuchana nywele zake. Watu wakivunja miko juu ya nchi kavu, uchafu wa makosa yao hushuka majini na kunata katika nywele hizo. Akishakereka, huwakusanya wanyama wote nyumbani mwake akawafungia. Hapo watu walioko juu hushikwa na njaa, na anatakiwa mganga.

Mganga wa Kiinuit aliitwa angakkuq, na aliweza kuwa mwanamume au mwanamke. Alikuwa na pepo wasaidizi, tuurngait, na ndani ya mwili wake mlikuwa na nuru iliyomwezesha kuona gizani na kuona mambo yaliyofichika. Nuru hiyo haikuja bure. Igjugarjuk, mganga wa bara magharibi ya Hudson Bay, alimsimulia Rasmussen jinsi mwalimu wake alivyomwacha peke yake katika kibanda kidogo cha theluji kwa siku 30 katikati ya majira ya baridi, bila chakula, akiletewa maji ya uvuguvugu mara chache mno. Alisema hekima ya kweli hukaa mbali na watu, upwekeni, na njia ya kuifikia ni mateso. Waganga waliotegemea viini macho hakuwapenda.

Safari ya kwenda kwa Mama wa Bahari ilifanyika gizani. Taa zilifunikwa. Watu waliketi wamefumba macho, kila fundo na mkanda wa nguo zao umelegezwa. Mganga alikaa nyuma ya pazia la ngozi, akiita wasaidizi wake, sauti yake ikisikika inashuka chini na kufifia mpaka ikapotea. Nyumbani watu waliimba nyimbo za zamani wakimngojea. Huko chini alimpita mbwa mlangoni, akampita na baba wa yule mwanamke, akamkuta mwenyewe amekaa ameipa taa mgongo, nywele zimemfunika uso. Mganga akamgeuza kwa upole kuelekea mwanga, akazichana nywele zake, akazisafisha, akamwomba. Mama akitulia, huwaachia wanyama mmoja mmoja.

Kazi ilikuwa haijaisha. Mganga aliporudi, alisema tu kwamba ana maneno. Basi watu walianza kuungama, mmoja baada ya mwingine, mbele ya wote: mimi nilifanya hivi, mimi nilificha hili. Mambo yaliyofichwa miezi mingi yalitoka hadharani usiku huo, na kila aliyeungama alisamehewa, kwa sababu kosa lake lilikuwa limeleta njaa ya wote na kukiri kwake kulileta nafuu ya wote.

Haifai kuipamba imani hii kupita kiasi. Mzigo wake uliwalemea wanawake kuliko wanaume. Aliyejifungua au kuharibikiwa na mimba alitengwa, akala peke yake, akakatazwa vyakula vingi, na katika usiku wa maungamo mara nyingi ni mwanamke aliyepatikana na lawama. Wako pia waganga waliotumia uwezo wao kutisha watu, na huko Greenland mwenye chuki aliweza kutengeneza tupilak, kiumbe cha mifupa na viungo vya maiti, akamtuma baharini kumwangamiza adui. Hofu aliyoieleza Aua ilikuwa hofu ya kweli.

Lakini humo pia mlikuwa na furaha. Anga lilijaa visa. Jua ni dada na mwezi ni kaka yake: kaka alikuwa akimwendea dada gizani, dada akampaka masizi usoni ili amjue, na alipomtambua alikimbia na mwenge uwakao, kaka akimfuata na mwenge uliobaki makaa. Mpaka leo anamkimbiza. Taa za kaskazini, zile nuru za kijani zinazocheza angani, ni wafu wanaocheza mpira kwa fuvu la walrasi. Usiku na mchana navyo vilitokana na ubishi wa mbweha aliyetaka giza ili aibe akiba za watu, na sungura aliyetaka mwanga ili aone malisho.

Jua liliporudi Igloolik, watoto walikwenda nyumba hata nyumba wakizizima taa kwa pumzi, kisha zote zikawashwa tena kutokana na moto mmoja mpya. Watu walilitazama jua hilo la kwanza wakitabasamu upande mmoja wa uso tu. Upande mmoja ulicheka kwa kuwa mwanga umerudi. Wa pili ulibaki vilevile kwa kuwa baridi ilikuwa haijaondoka.

Neno moja lililobeba mambo mengi ni sila. Sila ni hali ya hewa, ni nje, ni ulimwengu, na pia ni akili. Mtu mwenye busara husemwa kuwa ana sila nyingi. Kwa Wanetsilik, mwenye hewa alikuwa mtoto mchanga wa jitu, yatima aliyepaa angani baada ya wazazi wake kuuawa. Nguo yake ya ngozi ikilegea, upepo huvuma na theluji huanguka, na mganga hana budi kupanda juu akamkaze mikanda. Mwenye hewa ni yatima, mwenye bahari ni yatima. Nguvu zinazoweza kuwaua Wainuit zilikuwa za watoto waliotendewa vibaya.

Na kulikuwa na jina, atiq. Mtu akifa, jina lake hutafuta mwili mpya, na mtoto anayezaliwa hupewa jina hilo pamoja na sehemu ya mwenyewe. Mama aliyempa mwanawe jina la marehemu baba yake humwita mtoto huyo "baba yangu", na hutamka neno hilo kwa heshima na mapenzi yaleyale. Kumchapa au kumfokea mtoto kulionekana kitu kibaya, kwani nani atamfokea baba yake mzazi? Kwa njia hiyo hakuna aliyekufa moja kwa moja, na hakuna mtoto aliyekuja duniani akiwa mgeni.

Imani hii ilianza kukutana na Ukristo tarehe 3 Julai 1721, Hans Egede, mchungaji kutoka Norwei, alipotia nanga magharibi ya Greenland. Alikuja akiwatafuta wazao wa walowezi wa kale wa Kinorse. Hakuwakuta, akawakuta Wainuit, akajifunza lugha yao kwa taabu na kuanza kuhubiri. Alipotafuta neno la Kiinuit la kumtaja Shetani, alilichukua jina la Tornarsuk, mkuu wa pepo wasaidizi wa waganga. Kwa neno hilo moja, aliyekuwa msaidizi akageuzwa adui. Ngoma yao nayo ilihesabiwa kuwa ya shetani, ikazimwa katika sehemu nyingi. Mwaka 1733 ukaja ugonjwa wa ndui, ukaua watu wengi sana, na dhidi yake waganga hawakuwa na dawa.

Kanada mambo yalikwenda tofauti. Edmund Peck, Mwingereza aliyekuwa baharia kabla ya kuwa mhubiri, alifika Hudson Bay mwaka 1876, na mwaka 1894 akahamia kisiwa cha Blacklead. Wainuit walimpa jina la Uqammaq, msemaji hodari. Alieneza maandishi ya silabi yaliyobuniwa kwanza kwa ajili ya Wakrii, alama chache zinazojifunzika upesi. Watu walifundishana wao kwa wao, kambi hadi kambi, na vitabu vya Injili vikasafiri kwa sleji mpaka mahali ambapo hakuna mmishenari aliyewahi kukanyaga. Peck huyohuyo aliandika orodha ya pepo wasaidizi wa waganga, zaidi ya 300, na kwa sababu ya orodha hiyo leo tunawajua kwa majina.

Kwa hiyo Wainuit wengi wa kisiwa cha Baffin waliingia Ukristo kwa mikono yao wenyewe. Walikuwa na ibada yake, siqqitirniq, neno linalotaja kuvuka kutoka kwenye barafu ya bahari hadi nchi kavu. Watu walikusanyika, wakaletewa nyama zilizokuwa mwiko, kama moyo, na wote wakala, wanaume kwa wanawake. Katika usiku mmoja miko ya vizazi ikafika mwisho. Mwanamke aliyekuwa akila peke yake kwa miezi sasa alikula na wenzake, na huwezi kumlaumu kwa kuifurahia siku hiyo. Hata Aua aliupokea Ukristo. Filamu ya Zacharias Kunuk na Norman Cohn ya mwaka 2006, kuhusu safari za Rasmussen, inaonyesha Aua akiwafukuza pepo wake wasaidizi, nao wakiondoka juu ya barafu huku wakilia.

Kuacha miko kwa hiari ni jambo moja. Yaliyofuata yalikuwa jambo jingine. Mwaka 1941 serikali ya Kanada ilianza kuwagawia Wainuit vibati vidogo vyenye namba, kwa kuwa maofisa walishindwa kuyaandika majina yao na hawakuona majina ya ukoo. Watu walitambuliwa kwa herufi moja, ya mashariki au magharibi, na tarakimu. Mtoto aliyezaliwa akiwa babu ya mama yake, mwenye jina lililosafiri vizazi kadhaa, aliandikwa ofisini kama namba. Vibati viliachwa tu baada ya Abe Okpik, Mwinuit wa kwanza kukaa katika Baraza la Northwest Territories, kuzunguka nchi kati ya 1968 na 1971 akiwauliza watu wachague majina ya ukoo. Katika miaka hiyohiyo watoto wengi walichukuliwa kwenda shule za bweni, wakakatazwa lugha yao, wakarudi nyumbani wakiwa hawawezi kuzungumza na bibi zao. Siqqitirniq ilikuwa uamuzi wa watu. Namba na shule hizo ziliamuliwa na wengine juu yao.

Wazee wakanyamaza. Habari za waganga zikawa jambo la aibu, la kusemwa kwa kunong'ona. Lakini jungu kuu halikosi ukoko. Katika miaka ya 1990, katika chuo cha Nunavut Arctic College mjini Iqaluit, wanafunzi vijana waliketi na wazee, wakawauliza kwa Kiinuit yale ambayo wazazi wao hawakuthubutu kuuliza: majina, ndoto, miko, safari za waganga. Wazee wale walikuwa Wakristo imara, na wengi hawakutaka uganga urudi. Walichotaka ni vijana wajue kwamba wahenga wao hawakuwa wajinga. Mazungumzo hayo yalichapishwa kwa Kiinuit na Kiingereza. Tarehe 1 Aprili 1999 eneo la Nunavut likazaliwa, likiwa na serikali ambamo Wainuit ndio wengi.

Tangu hapo mengi yamefufuka. Wanawake wamerudia kuchanja usoni na mikononi michoro ambayo bibi zao waliona aibu kuionyesha. Zamani Wanetsilik waliamini mwanamke asiyechanjwa ataishi baada ya kufa katika nchi ya walioinamisha vichwa. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka ngoma ya Wainuit wa Greenland katika orodha ya urithi wa binadamu, ngoma ileile iliyoitwa ya shetani. Hata wanaastronomia wameazima majina. Kitu cha mbali kilichogunduliwa mwaka 2003 ng'ambo ya sayari zote, mahali pa baridi isiyosemeka, kiliitwa Sedna, na miezi kadhaa ya sayari ya Zohali ina majina ya viumbe na mashujaa wa Kiinuit.

Wakati huohuo barafu inapungua, na wawindaji wanaona sila imebadilika, hewa haitabiriki tena. Watu waliofundishwa kwamba makosa ya wanadamu hushuka baharini yakanata katika nywele za mwanamke hawahitaji kufafanuliwa sana habari za bahari kuchafuka. Aua aliuliza kwa nini upepo usitulie watu wakala. Sisi tunaojua sababu nyingi kuliko yeye tuna udhuru mdogo kuliko yeye, kwa maana yeye alishika miko yake.

Mjini Nuuk, mji mkuu wa Greenland, juu ya kilima cha bandari ya zamani, imesimama sanamu ya Hans Egede. Mwaka 2020 ilimwagiwa rangi nyekundu, kukawa na mabishano makali, na wengi wa waliopiga kura wakaamua ibaki. Chini yake ufukweni, kwenye mawe, iko sanamu nyingine iliyochongwa na Christian Rosing: Mama wa Bahari pamoja na wanyama wake. Maji yakijaa humfunika. Yakipwa, huonekana tena akiwa palepale.